Kuona kwa Pembeni: Mwongozo kwa Aliyepoteza Uoni wa Katikati, Bunia

Unamtazama mtu usoni na uso haupo. Mabega unayaona, kitenge unakiona, hata mkono anaokunyooshea unauona ukija. Ila mahali pa macho na mdomo pana ukungu, au doa la kijivu linalokufuata kila unakotazama. Barabarani unakwepa mashimo bila shida. Ujumbe wa telefone husomi. Na nyumbani wameanza kunong'ona kwamba unajifanya, kwa sababu jana ulimkamata kuku aliyetoroka, leo unasema huoni jina lililoandikwa kwenye karatasi ya shule ya mtoto.

Hujifanyi. Umepoteza uoni wa katikati, na mwongozo huu ni wako na wa wale mnaokula chungu kimoja. Watu wengi wenye hali hii hapa Bunia wanawekwa kwenye kiti, ndani ya lopango, mapema mno. Sehemu kubwa ya uoni wao ni nzima, lakini hakuna aliyewafundisha kuitumia. Yako mambo mawili ya kufanya, na yanafuatana: kwanza kujua chanzo haraka, maana baadhi ya vyanzo vinatibika, kisha kulizoesha jicho kufanya kazi kwa pembeni.

Kwa nini katikati tu?

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga, yaani retina. Katikati ya retina kuna eneo dogo liitwalo makula, lenye upana wa milimita 5 na nusu hivi, na ndani yake kishimo cha milimita 1 na nusu. Kishimo hicho ndicho kinachosoma herufi, kutambua sura na kuchambua rangi. Nyoosha mkono mbele yako, inua kidole gumba: ukucha wake unafunika karibu eneo lote ambalo jicho linaliona kwa ukali kamili kwa wakati mmoja. Mengine yote, yaani mwendo wa kitu, umbo lake, mahali mlango ulipo, kujua njia gizani, ni kazi ya pembeni.

Ndiyo maana mtu anaweza kumkamata kuku na asisome jina lake mwenyewe. Na ndiyo maana ugonjwa wa makula peke yake kwa kawaida haumfikishi mtu kwenye giza totoro. Wakati mwingine makula ni nzima ila neva inayobeba habari zake kwenda kwenye ubongo imeumia. Mgonjwa anasema maneno yaleyale, lakini matibabu ni tofauti kabisa.

*Waonyeshe wa nyumbani.* Mwambie kila mmoja anyooshe ngumi mbele ya macho yake, aielekeze kwenye uso wa mwenzake aliye hatua tatu mbele, na ngumi ifuate macho popote yanapokwenda. Akae hivyo dakika mbili, ajaribu kujua nani anacheka na nani amenuna. Zoezi hili linamaliza mabishano mengi.

Jua chanzo

Wazee hupata uchakavu wa makula unaokuja na umri, na uvutaji wa tumbako huuharakisha. Mwenye kisukari anaweza kuvimba makula bila maumivu yoyote. Kijana anaweza kurithi ugonjwa wa makula kwa wazazi ambao wao wenyewe wanaona vizuri. Mdudu wa toksoplasma, anayeingia kwa nyama isiyoiva au uchafu wa paka, anaweza kuacha kovu katikati ya retina, hata kwa mtoto aliyeambukizwa tumboni. Kulitazama jua moja kwa moja, kama wengi walivyofanya wakati wa kupatwa kwa jua tarehe 3 Novemba 2013, kunaweza kuiunguza makula, na fundi wa kuchomelea asiyevaa kinga yuko kwenye hatari kama hiyo.

Yapo manne ya kuzingatiwa zaidi, kwa sababu yanagusa Ituri moja kwa moja, au kwa sababu kuchelewa kwake ni gharama.

*Dawa za kifua kikuu.* Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huanza kwa dawa nne kwa miezi miwili, na mojawapo ni ethambutol. Kwa watu wachache dawa hiyo huumiza neva ya jicho. Dalili ya mwanzo mara nyingi ni rangi: nyekundu inafifia, inachanganyika na kijani, kisha herufi zinapotea katikati. Usikae nayo mpaka tarehe yako ya kuchukua dawa. Nenda kituoni siku hiyohiyo, mwambie muuguzi. Usiache dawa zote kwa uamuzi wako, maana kifua kikuu kisichomalizwa kinaua. Wao ndio wataiondoa hiyo moja na kupanga nyingine. Ikigunduliwa mapema, macho mengi hurudi kiasi kikubwa.

*Waliopona Ebola.* Mlipuko ulioanza Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulipita Kivu ya Kaskazini na huku kwetu Ituri. Baadhi ya waliopona walipata uvimbe ndani ya jicho wiki au miezi baada ya kutoka kwenye kituo cha matibabu. Mwaka 2019 huko Beni ilianzishwa kliniki ya macho kwa ajili yao. Uvimbe huo unatibika. Ukiachwa unaweza kuacha mtoto wa jicho au makovu kwenye retina. Kama uliugua Ebola, hata zamani, litaje jambo hilo kwa anayekupima macho. Najua linavyouma kulitaja mbele ya foleni ya watu. Omba mlango ufungwe, kisha useme.

*Upofu wa mito.* Unaletwa na vijinzi weusi wanaozaliana kwenye maji ya kasi, na Ituri ni moja ya maeneo yake. Minyoo yake huharibu konea mbele ya jicho, na nyuma huharibu retina na neva. Mectizan, dawa ambayo imekuwa ikitolewa bure tangu 1987, huzuia madhara mapya. Haifuti ya zamani. Imeze pale wasambazaji wa jamii wanapopita, wala usijinunulie. Mtu mwenye minyoo mingi ya aina nyingine, iitwayo loa, damuni anaweza kudhurika vibaya na dawa hiyo, na wasambazaji wamefundishwa la kuangalia.

*Lishe na pombe.* Neva ya jicho ina njaa ya vitamini B. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchini Cuba, watu zaidi ya 50,000 walipata ugonjwa wa neva, wengi wao wakipoteza uoni wa katikati wakati chakula kilipopungua. Tumbako ilizidisha, na vitamini zilisaidia wengi kupona. Dar es Salaam nayo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari wamekuwa wakiona vijana wenye doa la katikati kutokana na neva iliyodhoofika. Kwa familia iliyokimbia vita na kuishi kwa mihogo mitupu miezi mingi, swali la lishe liulizwe. Pombe kali ya kutonesha ikiwa na methanoli inaweza kuua neva za macho yote mawili ndani ya siku moja au mbili.

> NENDA HOSPITALI LEO, USINGOJE KESHO, KAMA:
> - Uoni umepotea ghafla, kwa saa au siku chache
> - Mistari iliyonyooka, kama fremu ya mlango, imeanza kupinda
> - Jicho ni jekundu na linauma, na mwanga unalichoma
> - Unaona kama pazia linashuka, au mimweko na vidoa vingi vipya
> - Macho yote mawili yamefifia baada ya kunywa pombe kali
> - Unatumia dawa za kifua kikuu na rangi zimebadilika

Jipime kwa daftari la karo

Wapimaji wa macho hutumia karatasi ya miraba iliyobuniwa na daktari wa Uswisi, Marc Amsler. Ina upande wa sentimita 10, na kila mraba ni milimita 5. Daftari la karo la shule, lile la milimita 5 kwa 5, linatosha.

1. Chora kwa bik mraba wa karo 20 kwa 20. Katikati weka nukta nzito nyeusi.
2. Kaa penye mwanga mzuri. Kama una miwani ya kusomea, ivae.
3. Shika karatasi sentimita 30 kutoka machoni. Funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza.
4. Tazama nukta. Bila kuliondoa jicho, angalia: je, kuna karo zilizopotea? Zilizopinda? Zenye ukungu?
5. Zungushia kwa kalamu mahali palipoharibika, andika tarehe na jicho lipi.
6. Rudia kwa jicho la pili. Fanya hivi mara moja kwa wiki.

Kosa la kawaida ni kupima macho yote mawili pamoja. Jicho zima huficha ubovu wa mwenzake, na wengi hugundua wamechelewa miezi siku wanapofunika jicho moja kwa bahati. Doa likikua au mistari ikianza kupinda, peleka karatasi hiyo kwa munganga.

Unapokwenda kupimwa

Anzia Hospitali Kuu ya Rufaa ya Bunia au hospitali ya CME, uulize siku anayokuwapo mtu wa macho, maana si kila aliyevaa blauzi nyeupe anaweza kuitazama retina. Kipimo chenye maana ni kile ambacho mboni inapanuliwa kwa matone na nyuma ya jicho kutazamwa kwa taa. Baada ya matone hayo utaona ukungu na mwanga utakuchoma kwa saa kadhaa. Nenda na mtu, chukua kofia.

Beba: dawa zote unazotumia pamoja na makaratasi yake, karatasi yako ya karo, miwani ya zamani, na kipimo cha sukari kama unacho. Uliza maswali haya matatu, na usitoke bila majibu:

- Ni makula, ni neva, au ni kitu kingine?
- Kinatibika, kinazuilika, au kimesimama?
- Nirudi lini, na dalili gani inirudishe kabla ya hapo?

Ukiambiwa *hakuna dawa*, uliza tena kuhusu miwani ya kukuza na mazoezi ya kuona pembeni. Wengi wanaambiwa nusu ya jibu na kwenda nyumbani kulia.

> USIWEKE JICHONI: maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani, asali. Na usitumie matone ya sokoni bila kujua ni nini. Mengi yana deksametazoni: yanaondoa wekundu siku mbili, na yakitumiwa kwa wiki nyingi huleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Hapo unapoteza na pembeni uliyobaki nayo.

Tafuta dirisha lako la pembeni

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa usomewe mara mbili. Ukitazama kitu moja kwa moja, doa linakaa juu yake. Ukitazama kando yake kidogo, doa linasogea na kitu kinajitokeza. Kila mtu ana upande wake ulio bora, na unaweza kuutafuta nyumbani.

1. Chora saa kubwa kwenye karatasi nyeupe kwa mariki nyeusi: 12 juu, 3 kulia, 6 chini, 9 kushoto. Katikati chora nyota ya ukubwa wa kifuniko cha chupa.
2. Ibandike ukutani usawa wa macho, ukae umbali wa nusu mita. Funika jicho lililo dhaifu zaidi.
3. Tazama nyota. Itafifia au kupotea. Ni sawa.
4. Peleka jicho kwenye 12 ulitulize hapo. Bila kurudi katikati, jiulize: nyota imeonekana?
5. Nenda kwenye 1, 2, 3, mpaka uzunguke saa yote. Kila mara ngoja kidogo.
6. Namba ambayo ukiitazama nyota inaonekana vizuri zaidi ndiyo upande wako. Hakikisha kwa kurudia siku nyingine.
7. Kuanzia hapo kila kitu kitazame hivyo. Kama namba yako ni 12, mtazame mtu juu kidogo ya nywele, na uso utashuka mahali unapoonekana. Kama ni 3, litazame sikio lililo upande wako wa kulia.

Fanya mazoezi dakika 5 hadi 10, mara mbili tatu kwa siku, na uache kabla hujachoka. Wiki ya kwanza jicho litakimbilia katikati kama lilivyozoea tangu utoto. Wiki zikienda, litaanza kwenda pembeni lenyewe. Anza na vitu vikubwa vinavyokaa: chupa, sufuria, kalenda. Halafu sura za watu wa nyumbani. Herufi ziwe za mwisho.

Ukifika kwenye kusoma, usikimbize jicho kwenye mstari. Litulize pale pembeni ulipopachagua, halafu sogeza *karatasi* kutoka kulia kwenda kushoto, maneno yapite mbele yako. Kata kadi nyeusi yenye mwanya wa mstari mmoja, uiweke juu ya ukurasa. Mistari mingine ikifichwa, jicho halipotei.

*Makosa yanayokatisha tamaa:* kuanza na Biblia ya herufi ndogo; kubadilisha upande kila siku; kufanya saa nzima siku moja kisha kuacha wiki; na kusikiliza wanaosema kutumia macho kunayamaliza. Kuyatumia hakuyamalizi. Hata kusogeza kitabu hadi puani hakuliharibu jicho.

Mwanga, rangi, na ukaribu

Kitu kikisogezwa nusu ya umbali, kinaonekana mara mbili kwa ukubwa. Huo ndio ukuzaji wa bei nafuu kuliko wote. Mtu mzima anahitaji lenzi ya kumsaidia kuona karibu hivyo: ya +4, ambayo hata mafundi wa miwani wa barabarani wanayo, inakutaka ushike karatasi sentimita 25 kutoka jichoni, ya +10 inakutaka sentimita 10. Wengi huivaa, wakashika kitabu kwa mbali kama zamani, wakaona ukungu, wakasema miwani ni mibovu. Sogeza kitabu taratibu mpaka herufi zikae.

Taa iwe karibu na kazi, itokee upande wa bega, isikupige machoni. Umeme ukikatika, taa ndogo ya sola yenye shingo ya kupinda inafaa kuliko balbu ya darini. Nje, jua letu huongeza ukungu: kofia yenye ukingo mpana, na miwani ya rangi ya njano au kahawia kama unaipata.

Halafu tofauti ya rangi. Fufu nyeupe kwenye sahani nyeupe haipo. Weka fufu kwenye sahani ya buluu au nyekundu, sombe kwenye sahani nyeupe, chai kwenye kikombe cheupe, maziwa kwenye kikombe cheusi. Funga kamba ya mpira kwenye kopo la chumvi na uache la sukari bila kitu. Kwenye chupa za dawa: mpira mmoja ya asubuhi, miwili ya jioni. Ukingo wa ngazi upake chokaa au rangi nyeupe.

Nimemtazama mama mmoja wa Mudzipela akichambua maharagwe baada ya makula zake zote mbili kwenda. Ametandika kitambaa cheupe juu ya lungo. Kichwa ameelekeza mlangoni, mtu asiyejua atadhani anangoja mgeni. Kumbe hapo ndipo maharagwe mekundu yanapomjia. Anayatandaza kwa kiganja, safu moja tu, yasipandane. Halafu vidole vinapita: jiwe ni zito na baridi, harage lililotobolewa ni jepesi na lina vumbi. Anamaliza kilo moja kwa kuchelewa kuliko zamani, na wajukuu hawang'ati mawe.

Jikoni, mbabula iwe na mahali pamoja pasipobadilika, na nguo za mikono mipana zisikaribie. Kumimina: kiache kidole ndani ya ukingo wa kikombe kwa maji ya baridi, kwa maji ya moto sikiliza sauti inavyopanda, na ukiinue kikombe kuhisi uzito. Mafuta ya moto, kwa miezi ya kwanza, ayamimine mwingine.

Pesa

Sokoni ndipo watu wengi wanapokata tamaa, kwa sababu hapo anayekuzunguka hana huruma. Jipange nyumbani, penye mwanga, kabla ya kutoka.

1. Faranga: 500 na 1,000 mfuko mmoja, 5,000 mwingine, 10,000 na 20,000 mahali pa ndani.
2. Dola zote zina ukubwa mmoja, vidole haviwezi kuzitofautisha. Zikunje: 5 iache wazi, 10 ikunje mara moja kwa upana, 20 mara moja kwa urefu, 50 mara mbili, 100 ikae peke yake. Mfuate utaratibu huohuo nyumba nzima.
3. Ukipokea dola, pitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kingo zote nne. Unajua jinsi inavyokataliwa ikiwa na mpasuko mdogo tu. Ukiigundua ukiwa umeshaondoka, hasara ni yako.
4. Sema kwa sauti: *Ninakupa elfu ishirini.* Walio karibu wakisikia, anayekurudishia ataogopa kudanganya.
5. Pokea chenji noti moja moja, ukitaja kila moja.
6. Chagua wauzaji wachache na motari mmoja au wawili wanaokujua. Ukiuza wewe, kaa na mtoto au dada mnayeaminiana saa za msongamano.

Kwa M-Pesa na Airtel Money, usimpe mtu namba yako ya siri ili *akusaidie*. Telefone yenyewe ijifunze kukusaidia: kwenye simu ya Android iliyo kwa Kifaransa, ingia Paramètres, kisha Accessibilité, halafu Agrandissement kwa kukuza, au TalkBack kwa kusomewa kwa sauti, tumia kisikizi kimoja ili namba zisisikike. Kamera nayo ni lenzi: piga picha kibao au barua, kisha ikuze kwa vidole viwili.

Salamu

Kwetu mtu akikupita bila salamu amekutukana. Mwenye doa la katikati anawapita shemeji zake, padri wake, jirani aliyemzika naye mzazi, na wiki haipiti kabla hajaitwa mwenye majivuno. Nimeona undugu ukipoa kwa jambo hili kuliko kwa deni.

Watangazie mapema. Mwombe mkuu wa avenyu, katekista, mchungaji au imamu aseme kwa ruhusa yako: *Mama Fulani haoni sura za watu, mkimkuta, jitajeni.* Wewe nawe anza kusalimu kila kivuli kinachopita karibu, *Jambo, ni nani?*, bila aibu. Wengine wote wafuate haya:

- Taja jina lako kwanza: *Yaya, ni mimi Mapenzi, mtoto wa mama wa duka.*
- Usimpe mtihani wa *nijue mimi ni nani*. Unaumiza.
- Unapoondoka, sema unaondoka. Asibaki akiongea na kiti.
- Asipokutazama machoni anapoongea, anakutazama. Ndivyo anavyokuona.
- Usihamishe kiti, ndoo wala jembe bila kumwambia.

Barabarani na kwenye barieri

Kama unaendesha moto, acha. Najua ni mkate wa nyumba. Lakini mtoto anayekatiza mbele yako atakaa ndani ya doa lako, na hutamwona. Ikodishe moto kwa kijana kwa malipo ya kila siku.

Kwa mguu, tembea upande unaotazamana na vyombo vinavyokuja. Beba fimbo nyeupe hata kama mashimo unayaona: inawaambia wenye moto kwamba hutawakwepa wewe.

Ishara ya mkono ya askari huioni, na tangu tulipowekwa kwenye hali ya kuzingirwa Mei 2021 hilo si jambo dogo. Ukisikia filimbi au sauti kali, simama palepale, mikono iwe wazi, sema: *Mimi ni mgonjwa wa macho, sioni ishara, uniambie kwa sauti.* Askari wengi huongea Kilingala: *Nazali komona malamu te.* Beba cheti cha munganga kwenye mfuko wa juu, si ndani ya mkoba wa kuanza kuupekua. Asubuhi na jioni karibu na ofisi za serikali, watu wote waliokuzunguka wakisimama ghafla, simama nawe. Bendera inapandishwa au kushushwa. Usiku, tembea na mtu.

Ukiona watu wasiokuwapo

Hili husemwa kwa siri, kwa hiyo linahitaji nafasi yake. Baadhi ya waliopoteza uoni wa katikati huona vitu visivyokuwapo: watoto wadogo wamesimama mlangoni, maua ukutani, farasi, nyuso. Picha hizo ziko wazi kuliko vitu halisi, na hazina sauti. Charles Bonnet, mtaalamu wa Uswisi, aliandika mwaka 1760 habari za babu yake aliyeona hivyohivyo akiwa na akili timamu. Ubongo uliokosa habari kutoka jichoni hujitengenezea picha. Si uchawi, si mizimu, si wazimu, wala si sababu ya kumfungisha mzee siku saba kwenye chumba cha maombi bila chakula.

Zikija: washa taa, simama, peleka macho kushoto na kulia mara kadhaa, au nyoosha mkono uziguse. Nyingi hutoweka. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Lakini zikija na sauti zinazokuamrisha, au homa, au mtu akachanganyikiwa asijue yuko wapi, hiyo ni safari ya hospitali.

Mtoto wa shule

Mwanafunzi anayeinama mpaka pua iguse daftari, anayeandika nje ya mstari, anayetazama pembeni mwalimu akimsemesha, hupigwa kwa utovu wa nidhamu kabla mtu hajafikiria macho yake. Mzazi:

1. Mpeleke apimwe, uombe cheti kinachotaja uoni wa kila jicho.
2. Ongea na mwalimu mkuu. Mtoto akae mbele, upande unaolingana na dirisha lake la pembeni, mgongo kwa madirisha.
3. Omba mwalimu asome kwa sauti anachoandika ubaoni, na aruhusu picha ya ubao kwa telefone.
4. Mnunulie mariki nyeusi, umpigie mistari mizito kwenye daftari, mmoja kila mistari miwili.
5. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wanaoishi na ulemavu nchini. Itaje kwa heshima ukiambiwa shule haiwezi.
6. Kwa Eksetat, yaani mtihani wa serikali, omba kwa maandishi karatasi ya herufi kubwa na muda wa nyongeza, ukiambatanisha cheti. Barua ipite kwa mwalimu mkuu kwenda kwa inspekta, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ipeleke mwanzo wa mwaka wa shule, wakati bado kuna nafasi ya kurudi ofisini mara ya pili na ya tatu.